Vijiko Vitano vya Chia

Jumatatu, 3 Machi
Muuguzi kasema utumbo wangu una hasira, na hasira hiyo haitulizwi kwa siku moja. Nipunguze maharage. Nile mbegu za chia ili nipate nyuzinyuzi: wiki hii kijiko kimoja kwa siku, kilicholowekwa, wiki ijayo viwili. Niandike kila ninachokula. Basi naandika. Huku ugenini wiki hii shambani ni ya majaribio; Jumamosi nyapara anachagua watu kumi na wawili wa kuvuna mananasi. Anayeacha mstari kila mara atarudishwa kwetu Nikaragua. Mananasi yanafika magotini tu, hakuna pa kujificha. Choo ni kimoja, kinavutwa na trekta. Naogopa.

Jumanne, 4 Machi
Wali na maharage asubuhi, mchana, jioni. Ukibakiza, Mama Chepa mpishi anakuuliza mbele ya watu wote maharage yake yamekukosea nini. Nimepata njia. Evenor, jirani yangu mezani, huomba kabla ya kula amefumba macho. Nikamhamishia maharage yangu yote. Alipofumbua akasema leo Mungu kajibu upesi.

Alhamisi, 6 Machi
Siku tatu wali mtupu. Hakuna kilichotoka. Tumbo gumu kama ngoma. Nimeota nazikwa huku na mama hajaambiwa. Chia nilikuwa sijaigusa. Nikapiga hesabu: siku nne, vijiko vinne, na kimoja cha Ijumaa. Nikavimeza vyote vitano vikavu, maana kuloweka kunachelewesha. Evenor akanionya: ndugu yangu, hizo zinavimba, kunywa maji. Nikamwambia anaionea wivu nafasi yangu.

Ijumaa, 7 Machi
Zimevimba.
Saa nne tumbo likanguruma, watu wa mistari miwili wakageuka. Nikakimbilia chooni. Kimefungwa. Ndani Evenor, siku ya nne ya sahani mbili mbili. Nikabisha, nikamsihi. Akajibu nisubiri kwa adabu, anayashughulikia maharage yangu. Genge zima likacheka. Nyapara kasimama pale pale na orodha yake.
Sitaandika kilichofuata. Suruali nyingine ilikuwa kambini.

Jumamosi, 8 Machi
Yamesomwa majina. Evenor wa pili. Nikasikia la kumi, la kumi na moja, bado si langu. La kumi na mbili ni langu. Nyapara kasema sitavuna. Nitaosha choo na kukaa na ufunguo, kwa kuwa ndipo nilipo siku zote. Watu wakapiga makofi.
Wacheke. Ufunguo ninao mfukoni. Muuguzi alihofia vijiko vingi kwa sababu hakujua nitapata choo changu. Kesho naanza na kumi.