Chupa Kumi na Sita Zisizo na Jina

Jumatatu, 4 Machi

Siku njema kuliko zote tangu nianze kazi ya kutunza maabara, na nimeifanya miaka kumi na moja! Mkuu wa shule ametukusanya chumba cha walimu saa ya chai. Mkaguzi wa usalama anakuja Ijumaa kukagua maabara. Shule ikifaulu, mmoja wetu atateuliwa Msimamizi wa Usalama. Koti jeupe jipya, cheo kimedariziwa mfukoni! Na kile chumba kidogo chenye dirisha! Macho yote yaligeukia kwangu. Yaani, yangegeuka, kama Bwana Rejesta asingekohoa.

Bwana Rejesta ni mtunza stoo. Jina hilo nilimpa mimi na shule nzima ikalidaka. Kila kitu kinachoingia shuleni, hata msumari, anakiandika kwenye daftari lake kubwa la kijani. Maneno anayoandika kwa siku ni mengi kuliko anayosema kwa mwezi. Mkuu akasema cheo kitakuwa kati yetu wawili, ataona mwenyewe nani anafaa. Bwana Rejesta akaandika na hilo.

Nyumbani nimemwambia mke wangu ajiandae kuitwa Mke wa Msimamizi. Akauliza kama Msimamizi ataendelea kutundika soksi kwenye kiti. Binti yetu, aliye kidato cha nne shuleni hapohapo na ambaye mbele ya wenzake hujifanya hanijui, ameniomba kitu kimoja tu: nisimwaibishe kabla ya Alhamisi, maana siku hiyo saa nane mchana wana jaribio la kemia. Nimemwambia atulie. Baba yake ana mpango.

Mpango wenyewe ni lebo. Chupa za kabati la kwanza zina lebo chafu, nyingine zimeliwa na asidi, nyingine zina mwandiko wa kuku. Mimi nina hati nzuri, hilo hata maadui zangu wanakiri. Mkaguzi akifungua kabati lile atasimama mdomo wazi. Bwana Rejesta atajiju.

Jumanne, 5 Machi

Nimefika kabla ya kengele. Beseni, maji ya moto, sabuni. Nimeziloweka chupa zote kumi na sita, vifuniko juu, na lebo za zamani zikabanduka zenyewe bila ubishi. Nimezifuta moja moja. Nimezipanga mezani kwa ukubwa, ndogo mbele, kubwa nyuma, zinametameta. Nilirudi nyuma hatua tatu kuzitazama. Nilijipongeza kwa sauti.

Kisha nikachukua kalamu kuandika lebo ya kwanza.

Ya nini?

Chupa kumi na sita, na vyote vilivyomo ndani havina rangi, ukitazama ni maji matupu. Na kweli mle mna maji. Mna spiriti pia, mna amonia, mna asidi iliyozimuliwa, na mna asidi kali, ile iliyotoboa meza ya nyuma mwaka juzi. Ipi ni ipi? Nilikusudia kuandika orodha kwanza. Nakumbuka kabisa kwamba nilikusudia. Orodha ilikuwa hatua ya kwanza ya mpango. Sijui hatua ya pili ilipenyaje mbele.

Mwalimu wa Kemia alichungulia dirishani. Akasifu usafi, akauliza lebo ziko wapi. Nikamjibu kwamba zinakauka. Si uongo sana. Zilikuwa uji ndani ya beseni, lakini uji nao hukauka.

Sijala mchana.

Jumatano, 6 Machi

Akili imerudi. Karatasi za litmasi! Unachovya, inageuka nyekundu, unajua hii ni asidi. Nimefungua kiboksi. Kitupu. Nimekumbuka kwamba nilizitumia zote kuwekea alama kurasa za shajara hii.

Basi, pua. Nimefungua chupa ya kwanza, nikainama, nikavuta pumzi yote kama mtu anayenusa maua.

Amonia.

Nilidhani nimekufa. Macho yalitiririka, pua ikaziba, koo likawaka moto. Faida yake: nimejua moja. Hasara yake: zimebaki kumi na tano, na pua haisikii tena hata harufu ya sabuni.

Nikiwa nimejishika kwenye sinki nalia, nani alisimama mlangoni? Bwana Rejesta, na daftari lake kwapani. Akauliza kwa upole nimepatwa na nini. Ningesema nini? Nikasema nimefiwa. Akauliza na nani. Nikasema mjomba. Akavua kofia.

Sikujua kwamba mtu mkimya hivi anaweza kueneza habari haraka hivi. Kufikia saa ya chai Mkuu alikuwa ameshika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Walimu walipanga foleni kunipa pole. Mwalimu wa Kemia alisema sasa anaelewa kwa nini tangu jana sina raha. Mpishi wa shule alilia kuliko mimi. Ningewezaje kuwaambia kwamba mjomba ni mzima, ni amonia tu? Wangeuliza, amonia ya nini? Niliinamisha kichwa, nikapokea pole zao zote. Mjomba anisamehe.

Mchana nimeandika lebo. Zote kumi na sita, hati safi, wino mweusi. Moja kwa uhakika na kumi na tano kwa hisia. Si hatari! Kesho saa nane nitasimama mwenyewe mezani, wanafunzi watapewa chupa mpya kutoka stoo, na hizi zangu zitabaki kabatini kumsubiri mkaguzi. Hakuna atakayezigusa ila mimi. Ijumaa zikishasifiwa, nitatafuta namna. Nimelala usingizi mzuri mchana huu kwenye kiti.

Alhamisi, 7 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi Mkuu alinisubiri getini. Barua mkononi: siku mbili za mapumziko, nikaomboleze. Nikasema kazi ndiyo faraja yangu. Akasema mimi ni mwanamume jasiri, akachukua funguo za maabara mfukoni mwangu, akampa Bwana Rejesta. Yeye ndiye atakayeandaa jaribio. Nikang'ang'ania. Mlinzi akanishika bega kwa huruma, akanitoa nje, akafunga geti.

Sikukata tamaa. Saa nane bado mbali. Nitarudi saa saba, nitapitia dirisha la nyuma, nitabadilisha chupa, hakuna atakayejua. Nikaenda zangu nyumbani.

Mke wangu alikuwa anapiga pasi. Akauliza mbona nimerudi. Nikamwambia nimepewa mapumziko kwa ajili ya kifo cha mjomba. Akaiweka pasi chini. Akasema mjomba amepiga simu nusu saa iliyopita, anataka ngazi yake, na kwa sauti ile, kama amekufa basi kifo kimempenda. Nikaanza kumweleza kidogokidogo, kwa kuzunguka. Alinisikiliza akiwa ameshika kiuno. Halafu akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba afadhali nimerudi, nitengeneze mguu wa benchi, maana binti ametoka mbio bila kunywa chai. Jaribio lao limesogezwa saa nne, maabara iachwe huru mchana isafishwe kwa ajili ya mkaguzi.

Nikatazama saa ya ukutani. Saa nne kasoro robo.

Sijui nilitokaje. Najua nilivaa ndala moja yangu na moja ya mke wangu. Njia nzima niliona kitu kimoja: mkono wa binti yangu, ule wa kulia, wenye alama ya wino kwenye kidole, unainua chupa iliyoandikwa "Maji Safi" kwa hati yangu nzuri. Sikukumbuka koti. Sikukumbuka chumba chenye dirisha. Niliomba tu kwamba hati yangu iwe mbaya kiasi kwamba asiweze kuisoma.

Mlinzi akainua mkono kunipa pole tena. Nikampita. Nikausukuma mlango wa maabara kwa bega na kupiga kelele: wasiguse kitu, watoke nje wote, lebo ni za uongo, mimi ni mwongo, mjomba ni mzima!

Wanafunzi ishirini na wanane wenye miwani ya kinga walinigeukia. Wa mstari wa pili alijifunika uso kwa glavu. Huyo alikuwa wangu. Mzima. Mzima kabisa!

Chupa zangu hazikuwa mezani. Hata moja.

Mwalimu wa Kemia ndiye aliyenieleza, na uso wake sitausahau. Asubuhi Bwana Rejesta alifungua kabati, akachukua "Maji Safi", akaona ni nzito mno kwa maji. Akaiinua, akachungulia chini yake. Kumbe kila chupa inayoingia shuleni yeye huikwaruza namba kitakoni kwa ncha ya msumari! Miaka yote hiyo! Namba tisa. Akafungua daftari la kijani. Namba tisa: asidi kali. Akamwita mwalimu, wakazipitia zote kumi na sita. Nilikuwa nimepatia mbili, na mojawapo ni ile amonia. Wakazifungia, wakaleta nyingine kutoka stoo.

Nikakaa sakafuni. Nikalia, na safari hii bila amonia. Niliona raha moyoni ambayo sijawahi kuiona, raha inayouma. Binti akaacha meza yake, akaniletea kiti. Akasema, "Baba, kaa hapa." Baba! Mbele ya darasa zima!

Bwana Rejesta alifungua ukurasa mpya. Akauliza sasa yule mjomba amwandike wapi.

Ijumaa, 8 Machi

Mkaguzi ni mama mfupi mwenye mkoba mkubwa. Mkuu aliniamuru nimweleze mwenyewe, bila kupunguza. Nikaeleza beseni, pua, lebo za hisia. Mkaguzi aliandika bila kuinua kichwa. Alipofika penye pua aliinua. Akasema chupa isiyo na jina huhesabiwa kuwa ndiyo mbaya kuliko zote mpaka ithibitishwe, na chupa hainuswi, hata kidogo, hata na mtu mwenye pua ya kukodi. Kisha akaomba daftari la kijani. Akageuza chupa tano, akalinganisha namba. Zote sawa. Akakagua ndoo za mchanga, kizima moto, miwani, mlango wa dharura. Tumefaulu.

Koti amepewa Bwana Rejesta. Linampwaya mabegani. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma, na sikuwa nikijifanya. Mimi nimepata barua ya onyo, tena ya mwisho, na agizo la kumwomba mjomba radhi. Sikufukuzwa! Nilimpelekea mjomba ngazi yake na kumweleza yote. Alicheka hadi akakaa chini, kisha akauliza kama mpishi alilia kweli, na kwa muda gani.

Leo mezani nimehesabu vidole vya binti yangu. Kumi. Mke wangu aliniona nikihesabu, akaniongezea mboga.

Jumatatu, 11 Machi

Nimejifunza. Naandika hapa ili ijulikane: sitagusa tena lebo ya chupa maisha yangu yote. Mtu mpya.

Na mtu mpya hasahau wema. Bwana Rejesta amemwokoa mwanangu, na daftari lake limechakaa vibaya, jalada linaning'inia, uzi umelegea. Nimeona nimshtukize. Saa ya chai, yeye akiwa ofisini kwa Mkuu, nimelichukua. Nimekata uzi wote wa zamani. Nimetoa kurasa, mia mbili na kumi, nimezitandaza kwenye meza za maabara nizipanguse vumbi. Jalada jipya, gundi mpya, na jina lake mbele kwa hati yangu. Nimewasha feni ili gundi ikauke haraka.

Naandika haya nikiwa chini ya meza ya tatu. Nimeshaokota zaidi ya nusu. Kinachonishangaza ni kwamba mtu makini kama yule, anayetia namba mpaka kitako cha chupa, hakuwahi kutia namba hata ukurasa mmoja.

Naona viatu vyake mlangoni. Ameuliza kwa upole mbona niko chini na mbona macho yamejaa machozi.

Nimemwambia ni shangazi.