Neno la Siri Kwenye Skrini Nyeupe

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya manesi wanne na benchi zima la wagonjwa. Nawaandikia wote barua pepe moja, nisiirudie aibu mara sita.

Mnajua ile programu ya kadi za wagonjwa? Miezi mitatu naiandika peke yangu hapa Komarock. Leo nimeitia kwenye disketi, nikaipeleka zahanati moja Makongeni. Wakiipenda, napata kazi. Nimevaa hata tai! (Nimeifunga mwenyewe. Imekaa upande.)

Sasa, neno la siri nililificha kwa werevu wangu wote: ukiliandika, herufi zinatokea kwa rangi nyeusi. Skrini yangu ni nyeusi. Nani ataona? Kwangu halijawahi kuonekana hata siku moja.

Mama Atieno, nesi mkuu, akaita wenzake. Nikawasha mashine yao. Skrini nyeupe pe!

"Nyeusi inaniumiza macho," akasema. "Niliambia fundi anibadilishie."

Vidole vikabonyeza kabla akili haijafika. Herufi nyeusi ti, kila mtu anaona! Mama Atieno akavaa miwani, akasoma kwa ile sauti yake ya kuita wagonjwa:

"Mwende rudi tafadhali!"

Mzee mmoja akajibu kutoka benchini: "Mwende hayuko, sista!"

Hayuko. Najua. Hayuko tangu Februari. (Ndiyo, hata ninyi niliwadanganya. Kila mlipomuulizia nilisema yuko poa, anawasalimu. Hakuwasalimu. Nyumba hii ni mimi, kompyuta na sufuria moja, na upweke umenizidi.)

"Aki huyu ameachwa!" nesi mmoja akasema, akacheka mpaka akashika ukuta.

Mama Atieno hakucheka. "Mwende ni bibi yako?"

"Alikuwa. Alirudi kwao Kitui."

"Na haya maneno umewahi kumwambia?"

"Bado, mama."

"Kwa hivyo kila asubuhi unaambia mashine, na mwenyewe hujamwambia?"

Nikarekebisha tai.

Kazi nimepata, naanza Jumatatu. Sharti ni moja, nibadilishe neno la siri. Nimekaa hapa tangu saa nane najaribu, na vidole vinaandika lile lile. Msinicheke. Mwenye neno zuri lisilo jina la mtu, anitumie.