Chuma Chakavu cha Izigo

Jumamosi, 5 Julai 2025

Leo nimeliona.

Nilikwenda Izigo kununua ndizi za sendofu ya mdogo wake mke wangu Kemilembe. Mikungu kumi, aliagiza, na zisiwe ndizi za pombe kama zile za mwaka jana. Nikaelekezwa kwa Bibi Evodia, mjane wa marehemu Karugendo aliyekuwa mhasibu wa ushirika wa kahawa. Nikazunguka nyuma ya nyumba kutafuta choo. Katikati ya kibanja, ndani ya migomba, kuna kibanda. Ndani ya kibanda, turubai lililoanikwa kahawa limefunika kitu kirefu. Pembe moja ya turubai ilikuwa imejikunja. Chini yake, taa. Taa ya mviringo, imezama ndani kama jicho la mtu anayewaza.

Datsun 240Z. Ya mwaka 1972. Wilaya ya Muleba! Chini ya kahawa!

Milango miwili. Pua ndefu, mgongo unaoteremka taratibu. Silinda sita mstari mmoja. Ndugu zake walishinda Safari Rali mwaka 1971, wakarudia 1973, kwenye vumbi na tope la huku kwetu Afrika Mashariki. Na rangi, nilipofuta kidogo kwa kidole: chungwa.

Rangi hiyo naijua. Nikiwa darasa la kwanza, nachunga mbuzi wa baba kando ya barabara ya Kashozi, lilinipita gari la rangi ya chungwa, likinguruma kwa sauti ambayo sijaisikia tena. Nikalikimbilia. Mbuzi wakamaliza maharage ya jirani. Nilichapwa mpaka jioni, sikujuta hata fimbo moja. Bukoba nzima haikuwa na magari mawili ya namna ile. Ni lenyewe.

Nikajikaza. Nikapiga miayo. Nikamuuliza Bibi Evodia kama hicho chuma chakavu atakitupa lini, maana kinamharibia kibanja. Akaniletea kahawa ya kutafuna, akanitazama, akasema marehemu alilinunua Kampala mwaka 1973, na wakati wa vita ya Kagera alilifunika kwa majani makavu ya migomba ili askari wa upande wowote wasije wakaliazima. Tangu afariki halijatoka. Kila Krismasi mwanawe Mwesiga huizungusha injini kwa mkono, kwa kuwa baba aliusia hivyo, ingawa hakusema kwa nini.

Mimi najua kwa nini. Injini iko hai!

Nilirudi nyumbani Kagondo bila ndizi.

Jumapili, 6 Julai

Kemilembe haongei nami. Ameagiza ndizi sokoni mwenyewe.

Ibada sikuisikia. Mimi ni mweka hazina wa kwaya, lakini leo hata sadaka niliihesabu mara tatu, kila mara nikipata silinda sita.

Mpango ni huu. Gari hili watu walikuwa wanalitelekeza miaka ya themanini. Leo huko nje bei imepaa, haishikiki. Siwezi kulilipia thamani yake hata nikiuza mashine zangu zote za fotokopi pamoja na meza. Kwa hiyo thamani isijulikane Izigo. Neno la kutumia ni moja: chuma. Silipendi. Silitaki. Namsaidia mjane kusafisha kibanja.

Ila nilihitaji kujua bei ya hakika. Nikauliza kwenye kundi letu la simu la Magari ya Zamani Kagera (watu kumi na wanne, tisa kati yao wana picha tu). Niliuliza kwa akili: kwamba ni kwa niaba ya rafiki.

Ildefons akajibu kabla sijaweka simu chini. Rafiki gani, na anaishi kijiji gani?

Ildefons ana duka la vipuri mjini na Subaru Impreza ya mwaka 1998, ya buluu, rimu za dhahabu. Hulipitisha sokoni mara mbili kununua nyanya moja. Niseme kweli, maana hapa ni kwenye daftari: gari ni zuri. Likipita nasimama, hata kama namhudumia mteja. Lakini Ildefons mwenyewe! Mwaka jana alinunua Celica ya jaji mstaafu, gari safi, lina hata kitabu chake. Akaliuza vipande vipande kama nyama ya sikukuu. Taa Mwanza, injini Dar es Salaam, viti sijui wapi. Usukani ameutundika dukani.

Datsun likiingia mikononi mwake, limekwisha.

Jumanne, 8 Julai

Nimerudi Izigo kama mnunuzi wa vyuma. Ovaroli ya kuazima, mzani wa kuning'iniza, buti za mpira. Nilikuwa nimejiandaa mpaka kwenye mate: nilitema chini kama wanavyotema wao.

Nikamsalimia kwa Kihaya, kwa heshima zote, kasinge waitu, nikakunja turubai upande wa mbele, nikaanza kupiga hesabu ya kilo kwa sauti. Bibi Evodia amekaa kwenye kigoda anachambua maharage. Kila kitu kinakwenda vizuri. Mara kuku akaruka juu ya boneti na kuanza kuparua.

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Nadhani nilipiga kelele. Kuku nilimfukuza mpaka kwenye migomba ya jirani. Niliporudi nikatoa leso yangu ya kanisani, nikatema mate, nikafuta ile alama ya kucha polepole, nikizunguka kwa kidole kimoja, na naambiwa nilikuwa naibembeleza.

Bibi Evodia aliacha kuchambua maharage. Akauliza, waitu, siku hizi chuma chakavu kinafutwa kwa leso?

Nikasema ni utaratibu mpya wa mazingira.

Akasema sawa. Akasema mali ya marehemu haiuzwi na mwanamke peke yake, ina ukoo. Jumamosi kuna misa ya kumbukumbu ya Karugendo na watu watakula hapa. Nije niseme nia yangu mbele ya Mzee Kamala, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye mkubwa wao sasa.

Nimefurahi. Wazee wa ukoo nawaweza.

Alhamisi, 10 Julai

Balaa. Ildefons ameonekana Izigo, na Subaru lake na kilo tano za sukari. Nani alimwambia? Haidari, fundi wangu, anasema nilimwambia Ildefons mwenyewe, kwa kumjibu kwamba rafiki yangu hana uhusiano wowote na Izigo.

Nikatengeneza mpango wa dharura. Nikapita dukani kwake kana kwamba natafuta plagi, nikaguna, nikasema nasikia kuna gari bovu huko Muleba, halina hata injini, iliuzwa zamani kwa wavuvi. Ildefons akaguna pia. Nikatoka nikipiga mluzi.

Jioni Mwesiga akanipigia simu, akicheka. Ildefons alirudi Izigo akamwambia Bibi Evodia kwamba gari halina injini na kwa hiyo atatoa nusu ya bei. Bibi hajawahi kutukanwa hivyo tangu aolewe. Akainuka, akamwaga kahawa yote chini, akafungua boneti kwa mkono wake.

Kwa hiyo leo Ildefons ameiona ile injini. Kabureta zote mbili. Mwesiga anasema alikaa chini, juu ya kahawa.

Nimemwonyesha mimi. Mimi Gamaliel, kwa mdomo wangu.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika kichwa kikiuma.

Misa ilikwisha saa tano. Tukala kibanjani: ndizi na maharage, ndizi na nyama, samaki. Kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kikazunguka. Mimi ni Mlutheri na mweka hazina wa kwaya, kwa hiyo nilikunywa kwa adabu tu. Adabu ikachukua muda mrefu.

Ildefons alikuja na suti na faili. Alitaka kutaja bei kabla hata watu hawajanawa mikono. Mzee Kamala akamwambia fedha haitangulii heshima ya marehemu. Kwanza okwebuga. Nikashukuru Mungu. Hii ni mila yetu, si ya kwenye faili: mwanamume anashika mkuki, anasimama mbele ya watu, anajigamba kwa sauti, yeye ni nani na amefanya nini. Wapwa wa Karugendo wakajigamba vizuri sana. Kisha mkuki ukaletwa kwa wageni. Ildefons akasema ana mafua.

Nikaushika mimi. Nilikuwa na mpango: mistari miwili ya kuusifu ukoo, na wa tatu kusema kibanja safi hakifugi vyuma. Basi. Nikafungua mdomo.

Haya ndiyo yaliyotoka, kama Mwesiga alivyoyarekodi. Nanakili nikiwa nimefumba jicho moja.

"Mimi ndiye Pua Ndefu, niliyevuka mpaka wa Mutukula bila kuhema! Mimi ndiye Silinda Sita, tunaimba na hakuna anayekosea sauti! Ndugu zangu walikula tope la Safari wakarudi na kikombe! Vita ilipita juu yangu nikiwa nimejifunika majani ya mgomba! Waliniita chuma, nikanyamaza. Walinianikia kahawa, nikanyamaza. Kuku alinikwaruza, nikanyamaza. Mtoto alinikimbilia Kashozi akaacha mbuzi, akachapwa, na hajaacha kukimbia mpaka leo! Huko ng'ambo wananinunua kwa bei ya nyumba na kiwanja chake, na bei inapanda kila nikilala!"

Nikachoma mkuki ardhini.

Nikageuka. Ildefons alikuwa amejifunika uso kwa faili. Bibi Evodia alikuwa analia, na sikujua nimekosa nini, mpaka aliposema hilo la mtoto wa Kashozi analijua. Karugendo alimsimulia usiku ule ule, kwamba kuna mtoto alimkimbiza mpaka mtoni, na kwamba alitamani kusimama ampakie, lakini alikuwa anamkimbiza mgonjwa hospitalini. Alilisema jambo hilo mara nyingi.

Nikakaa chini. Machozi yalinitoka, na si kwa sababu ya rubisi.

Mzee Kamala akasafisha koo. Akasema mtu mwenye mkuki mkononi hasemi uongo, kwa hiyo nilisema uongo nilipokuwa na mzani. Watu wakacheka. Akasema pia kwamba hawakujua wanaanika kahawa juu ya ndugu yao. Sasa wamejua, na ndugu hauzwi. Si kwa kilo, si kwa faili. Mwesiga analiogopa, kwa hiyo huyu Mlutheri aje kila wiki alioshe, alitengeneze, na ampeleke Bibi kanisani. Malipo yake mkungu mmoja wa ndizi.

Hivyo nimelipoteza gari kwa kulisifia.

Jumapili, 20 Julai

Wiki nzima nimelala chini ya gari na Haidari. Betri mpya, matairi mapya, mipira mipya ya breki. Tulisafisha kabureta kwa mswaki wangu. Fedha ilitoka kwenye akiba ya mabati ya nyumba, jambo ambalo Kemilembe atalijua mvua ikija.

Asubuhi hii nikageuza ufunguo. Likakohoa. Likakohoa tena, likatema moshi, majani, na punje za kahawa alizoficha panya kwenye bomba. Kisha likaimba.

Sijui niandike nini. Sauti ni ile ile. Miaka hamsini na moja, na ni ile ile.

Bibi Evodia alikuja amevaa kitenge kipya. Akavua viatu kabla ya kuingia, akavishika mkononi. Marehemu hakuruhusu viatu ndani. Nikavua na mimi. Tukatoka kibanjani polepole, watoto wanakimbia nyuma, na pale barabarani Bibi akaniambia, bila kunitazama, kwamba Karugendo hakuwa anakwenda hivi kama maziko. Nikakanyaga mafuta. Migomba ikawa ukuta wa kijani. Akacheka mpaka akashika kilemba.

Kabla ya kanisa kuna mtoto alikuwa na mbuzi. Nikasimama. Nikampakia. Mbuzi sijui walikula nini, nitalipa.

Nje ya kanisa alikuwepo Ildefons na Subaru lake. Alishuka, akavua kofia, akalizunguka Datsun mara moja bila kugusa. Hakutaja bei. Aliuliza tu kama ninahitaji kofia za tairi, anazo halisi, ameziweka miaka mingi bila gari la kuzivaa. Nikasema nitafikiria. Moyoni nilikuwa nimeshamsamehe hata ile Celica, karibu.

Kemilembe amepokea mkungu wangu wa kwanza. Amepiga hesabu kwamba kwa mwendo huu mikungu kumi itatimia mwezi Septemba, tayari kwa sendofu iliyofanyika jana.

Yote haya yamenifunza jambo moja kubwa: kimya. Ningefunga mdomo, gari lingekuwa langu. Na nimelifahamu kwa wakati, kwa sababu Haidari ameninong'oneza kwamba Kashozi kuna mwalimu mkuu mstaafu mwenye Ford Escort ya zamani, ile ya rali, na ndani yake anafuga sungura. Sungura! Juu ya viti vile!

Kesho nakwenda, kama mnunuzi wa sungura. Gari sitalitazama hata kidogo. Mistari ya kujigamba nimetunga sita tu, ya akiba. Na kwenye kundi sijasema chochote, nimeuliza bei tu, kwa niaba ya rafiki mwingine.