Jibini la Siku Tano na Kivuli cha Eburru

Jamani, leo nimeaibika mlimani, na suruali iko hapa kwenye beseni kama ushahidi.

Nianze na kazi, maana bila kazi hamtaelewa kwa nini mtu mzima alitaka kulia. Chebet, kiongozi wa kikundi chetu cha kupanda milima hapa Nakuru, ameanza kupeleka wageni matembezi ya siku tano kwa miguu. Anatafuta mtu wa kusimamia chakula. Mshahara upo. Mimi nilisomea sayansi ya chakula, nikafuzu, na tangu hapo sayansi yote nimeitumia kuchemsha mayai. Chebet akaniambia, "Jumamosi tunaenda Eburru kwa mazoezi. Leta kitu kisichoharibika kwa begi. Nikiridhika, kazi ni yako."

Mamangu kule Kuresoi ameshatoa shukrani kanisani. (Nilimwambia naenda kujaribiwa tu. Mama huwa hangoji Mungu amalize.)

Nilichagua jibini. Hapa naomba mnisikilize kwa heshima, kwa sababu jambo hili nalijua. Jibini laini halifai safari ndefu. Lina maji mengi, na penye maji ndipo uchachu hujenga nyumba. Lile linalokaa kwenye maji ya chumvi ni tamu, lakini nani atapanda mlima na ndoo? Lililokwisha kukunwa huota ukungu kabla hujamaliza kufunga hema. Linalofaa ni jibini gumu, lililokaa miezi mingi likipoteza maji, kisha likavalishwa nta. Unalibeba zima. Unakata la siku hiyo tu. Ukishalikata unalifunga kwa karatasi, si kwa plastiki, kwa sababu jibini hutoka jasho kama sisi. Niliweka aina kadhaa kwenye kabati langu la nguo, nikawa nazinusa kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki. (Mwenye nyumba aliniuliza kama nafuga mnyama.) Mshindi alitoka kwa mama mmoja wa Molo: duara zito, limevaa nta nyekundu kama gari la zimamoto.

Tukafika Eburru asubuhi, baridi ile ya kuuma masikio. Mnaopajua mnajua: mvuke unatoka ardhini huku na kule, na wenyeji wanaukinga kwa mabomba mpaka unageuka maji ya kutumia. Mimi pia nilijua. Nilikuwa nimewaeleza wenzangu njia nzima jinsi unavyotoka. Kumbukeni hilo.

Tulipotua mizigo, wenzangu walitupa mabegi yao popote. Si mimi. Mimi niliwaza jua. Jua halikuwepo, mbingu yote ilikuwa mawingu, lakini likitoka je? Nikazunguka mpaka nikapata kichaka cha leleshwa chenye kivuli kizuri. Nikaweka begi chini yake. Nikawaza tena: na kivuli kikihama? Nikalifunika kwa koti langu zito.

"Prof, unalaza mtoto?" akauliza Kamau. Huyu ndiye mpiga picha wa kikundi, na mdomo wake haujawahi kwenda likizo.

"Nalinda jibini lisipate joto, boss."

Niliona nyasi pale zimelowa. Nikasema moyoni, umande.

Tukaenda kuzunguka kilele bila mizigo. Njiani nilitoa hotuba kuhusu nta. Chebet alikuwa anaitikia kwa kichwa, tena anauliza maswali! Nilijiona nimeshaajiriwa, natafuta tu pa kutundika koti.

Tuliporudi, begi langu lilikuwa na joto. (Nikafikiri: koti zuri hili. Ndiyo, nina digrii.) Nikalivaa, tukaanza kuteremka. Hatukufika mbali. Nilikuwa nimegeuka nyuma kumweleza Chebet habari za ukungu, mguu ukateleza kwenye kokoto, nikaanguka chali, puu! Uzito wangu wote juu ya begi.

Nikahisi kitu cha uvuguvugu kinatiririka mgongoni. Kikashuka kiunoni. Kikaingia surualini. Nikapeleka mkono, nikautazama.

Mwekundu!

Ndipo nikakumbuka. Kisu cha kukatia jibini. Kilikuwa ndani ya begi.

"Kisu!" nikapiga kelele. "Kisu kimeniingia!"

Mama Shiku akaja mbio. Ni nesi mstaafu anayetembea nasi kwa ajili ya magoti yake. "Lala kifudifudi! Wengine mrudi nyuma, apate hewa!"

Mimi nilikuwa nimeshaanza kuondoka duniani. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. (Sasa najua ni woga.) "Kamau," nikanong'ona, "mpigie mamangu. Mwambie kazi nilipata."

"Sijasema umepata," akasema Chebet, huku amenishika mkono.

"Mwambie hivyo hivyo."

Mama Shiku akanivua begi, akapandisha shati. Kisha nikamsikia ananusa. Nikawaza, huo ni utumbo. Niliwahi kusoma kwamba utumbo ukitoboka hunuka.

"Mama Shiku, niambie ukweli. Nitavumilia."

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi popote. Hiyo ndiyo dalili mbaya."

Wakati huo mbwa wa wachungaji wa kondoo akatokea, akaniinamia, akaanza kunilamba kiunoni kwa bidii, mkia unapepea.

"Prof," akasema Kamau, "damu yako imepata mteja."

Mama Shiku akamfukuza mbwa. Akanigusa kidogo, akainua kidole, na uzi mrefu wa njano ukamfuata kutoka mgongoni kwangu. Akaukata. Akaonja!

"Kijana," akasema, "nimekaa wodini maisha yangu yote. Sijawahi kuona damu inayovutika. Na hii imekolea chumvi vizuri."

Nta yote ilikuwa imeyeyuka. Jibini limekuwa uji. Kisu kilikuwa ndani ya ala yake, kimetulia, hakijamkosea mtu. Chebet akapanda mpaka kwenye kile kichaka, akaweka kiganja chini ya leleshwa, akakitoa haraka. "Prof! Kivuli chako kinapumua!"

Mvuke ulikuwa unatoka pale pale. Nililinda jibini dhidi ya jua, ardhi sikuifikiria. Nilikuwa nimeweka chakula jikoni, halafu nikakifunika kwa koti kisipoe.

Walicheka mpaka Kamau akakaa chini. Mimi nilibaki kifudifudi, maana kuinuka kungekuwa kukubali. Chebet akatoa chapati, akachota jibini kwenye kona ya begi ambayo haikunigusa, akaondoa vipande vya nta, akala. Akachota tena.

"Hili lingefika siku ya tano?"

"Lingepita," nikajibu nikiwa bado chini. "Halijaharibika. Limepikwa tu."

Akatafuna polepole. "Sawa. Kazi ni yako. Lakini pa kuweka begi utaonyeshwa."

Nikainuka na heshima yote iliyonibakia, ambayo wakati huo ilikuwa imeshuka mpaka kwenye soksi. "Kamau, sasa usimpigie mama."

Kamau akaacha kucheka. "Buda, si ulisema nipige? Nikamwambia umepata kazi, na umechomwa kisu. Akakata kabla sijamaliza."

Tangu hapo simu ya mama haipatikani. Jirani anasema ametoka na kikundi chote cha maombi, wamebeba sufuria kubwa na gunia la viazi kama watu wa matanga, wanakuja Nakuru.

Kwa hiyo wakifika, tafadhali, asicheke mtu. Nimechemsha chai, nimenunua mkate, na lile jibini lililobaki bado ni zima kabisa.