Mwaka wa Kwanza Kufungua

Ushirika ulipokufa Mbinga, hakuna aliyeuzika. Uliachwa juani, uani kwake, nyuma ya ghala la kahawa: trekta zisizo na magurudumu, lori lililoota majani mpaka ndani ya boneti, na mlinzi aliyekuwa halindi kitu kwa mshahara asioupata. Wakubwa walisema hilo ndilo soko huria. Kila kitu ruksa, walisema, na kweli: aliyeondoka na matairi aliondoka kwa ruksa, aliyeondoka na mabati aliondoka kwa ruksa, na mkulima aliyekatwa senti zake miaka yote kujenga ghala lile akapewa ruksa ya kulitazama.

Asubuhi moja aliingia uani pale Cuthbert, mtu wa Liuli, kule ziwani. Shati la mikono mirefu, kalamu nne mfukoni, mbili kati yake hazina wino. Alikuja na Landrova aliyoipata kwa kumshawishi mwenye gari kwamba imekufa. Yalikuwa matanga mafupi. Cuthbert alifariji, akaburuta maiti, na kona ya kwanza maiti ikawaka. Katika maisha yake hakuna kitu alichokipenda kama Landrova ile. Injini yake hakuijua hata kidogo. Alichokijua ni honi.

Alikuta wanaume wameizunguka trekta moja, wanabishana.

"Ni betri," alisema mmoja.

"Betri si imeibiwa? Itakuwaje iwe betri?"

"Basi ndiyo sababu!"

Mtu wa kawaida angeona trekta mbovu na watu wasio na kazi. Cuthbert aliona chuo. Alikumbuka kila nyumba aliyopita njiani: mashine ya kumenyea kahawa imefunikwa gunia, cherehani imegeuzwa meza, pikipiki imelaliwa na kuku. Nchi nzima imeharibika na fundi hayupo! Machozi yalimlengalenga. Ni nadra mtu kuonyeshwa riziki yake yote kwa mara moja.

Wiki haikuisha, ubao ukasimama: CHUO CHA STASHAHADA YA UFUNDI MITAMBO NA MATENGENEZO. Miaka miwili. Mlinzi alitoa ufunguo kwa ahadi ya kuwa Mkuu wa Usalama wa Chuo, akapewa na filimbi.

"Ada sitaki," Cuthbert aliwatangazia watu waliotoka kanisani Jumapili. "Pesa zenu kaeni nazo. Mwanafunzi aje na mashine yake mbovu tu. Atajifunzia hiyo hiyo. Akimaliza, anarudi nyumbani na stashahada mkono huu, na mashine nzima mkono huu."

Watu walitazamana. Miaka yote walikuwa wamekutana na wezi wanaotaka pesa. Mwizi asiyetaka pesa walikuwa hawajapata kumwona, kwa hiyo hawakumtambua.

Wa kwanza kujiandikisha alikuwa Notburga wa Litembo, mjane aliyekuwa na wajukuu. Alikuja juu ya lori la mbolea, ameikalia injini ya mashine ya kusagia aliyoachiwa na mumewe. Tangu injini ile izimike, wanawake wa kijiji chake walikuwa wakivuka milima miwili na mahindi kichwani ili wale ugali.

"Shikamoo, mama," alisema Cuthbert. "Umemleta kijana?"

"Marahaba. Nimejileta. Hii injini nataka niisikie ikinguruma kabla sijafa. Masomo yakoje?"

"Mwaka wa kwanza, kufungua. Mwaka wa pili, kufunga."

"Mwaka mzima kufungua?"

"Mama, daktari akiingia chumba cha upasuaji, anaanza kwa kushona?"

Notburga alifikiri. "Hapana."

"Basi."

Cuthbert alikuwa na hesabu yake. Mwaka wa pili haukuwepo. Kule Makambako kulikuwa na Bartholomayo, mnunuzi wa vipuri, mtu mwenye shingo kama ya fahali, ambaye hakupenda mashine nzima kwa sababu mashine nzima huwa na mwenyewe. Chuma kilichofunguliwa, kikaoshwa na kupangwa, hakina baba wala mama. Na kuna kibarua gani duniani anayekufungulia, kukuoshea na kukupangia, kisha akakuita mwalimu?

Chuo kikawaka. Joakim wa Mpepai, kijana mrefu aliyeuliza maswali kama anayelipwa, alileta mashine ya kahawa ya baba yake. Kutoka Mbamba Bay ililetwa injini ya boti iliyonuka usipa, dagaa wa ziwani, mpaka darasa zima likashikwa na njaa. Wanafunzi walipewa spana na wimbo: *kulia kaza, kushoto legeza*. Ulikuwa ndio ufundi wote aliokuwa nao Cuthbert, aliupata kwa kufungua chupa.

"Mwalimu, hiki kinaitwaje?" Joakim aliinua kitu chenye meno.

"Wewe unadhani kinaitwaje?"

"Sijui, mwalimu."

"Ndiyo maana uko mwaka wa kwanza. Weka pale."

Kufungua kuliwaingia damuni. Ni utamu ambao mtu aliyefungiwa milango maisha yake yote anauelewa upesi. Walifungua mashine zao, wakafungua trekta za ushirika, wakafungua lori, na chini ya kiti chake wakakuta kofia ya karani aliyewapunja kahawa miaka ile. Wakaitemea mate kwa zamu. Walifungua kufuli la ghala, wakafungua baiskeli ya katekista alipokuwa ndani anafundisha. Mkuu wa Usalama alipuliza filimbi, nayo wakaifungua. Notburga ndiye aliyewawekea utaratibu: kila kinachotoka kinaoshwa, kinalazwa juu ya majani ya mgomba kwa foleni, cha kwanza mbele, cha mwisho nyuma, kisha kinaingia kwenye debe lake kwa foleni hiyo hiyo. Cuthbert alimsifu sana. Bidhaa ilikuwa inapendeza.

Mwaka ulipokaribia kuisha alikuja mgeni mwenye shingo nene.

"Huyu ni mkaguzi wa mitihani kutoka kanda," alisema Cuthbert. "Simameni."

"Tumsifu Yesu Kristo," walisema wote.

"Ehee," alijibu mkaguzi. Badala ya kuuliza swali, alitoa mzani, akautundika kwenye boriti na kuanza kupima madebe.

Notburga alisogea karibu. Mikono ya watu wa mizani aliifahamu. Aliiona enzi ya ushirika, akaiona tena kwa hawa wanunuzi binafsi waliokuja na magari mapya na kidole kile kile cha zamani, kinacholala kando ya ndoana kana kwamba kimechoka. Kidole cha mkaguzi kililala kando ya ndoana.

"Joakim," alinong'ona, "umewahi kuona mtihani unaopimwa kwa kilo?"

"Labda ndiyo sayansi, mama."

"Debe lako limepungua kilo ngapi kwa kidole chake?"

Joakim alitazama. Kwa mara ya kwanza tangu ajiunge na chuo, hakuwa na swali.

Mambo yakaenda hivi. Cuthbert alitaka kuondoka Jumamosi na mzigo wote, lakini gia ya pili ya Landrova ilikuwa imegoma, na mteremko wa kwenda Songea hautaki utani. Akawaita wanafunzi.

"Jumamosi njoni mnitazamie gari, kisha mnipakilie vifaa. Navipeleka kanda vikasahihishwe. Nitachinja mbuzi, na pombe itakuwepo."

Notburga aliuliza taratibu, mbele ya wote, "Kwa hiyo, mwalimu, unaita ngokela?"

"Ndiyo! Ngokela! Iiteni mnavyotaka."

Hapo ndipo mtu wa ziwani alipojikwaa. Kwao Liuli, ukimsaidia mwenye wavu kuvuta, unapewa samaki wako pale pale mchangani, unakwenda zako, na kesho hamjuani. Alidhani ngokela ni hivyo hivyo, mbuzi badala ya mbasa. Kwa Wamatengo, aliyeita ngokela, kazi ya kusaidiana kwa zamu, ameingia katika mzunguko. Leo wanakuja kwake wote, wiki ijayo naye anakwenda na wote kwa mwingine, mpaka wa mwisho afikiwe.

Jumamosi aliwaacha kazini akaenda posta kumpigia simu Bartholomayo. Foleni ilikuwa ndefu. Aliporudi, mbuzi alikuwa ameliwa, wanafunzi wamekaa kivulini wanaimba, na Landrova haikuwepo.

Au tuseme ilikuwepo, lakini imelala chini. Milango juu ya majani ya mgomba. Viti juu ya majani ya mgomba. Pistoni, gia, taa na nati, zote zinang'aa, kwa foleni, kutoka ghalani mpaka barabarani. Honi alipewa Mkuu wa Usalama ashike, badala ya filimbi.

Cuthbert alifungua mdomo. Huo nao ulifunguka bila spana.

"Tumefika mpaka chesisi, mwalimu!" alisema Joakim kwa furaha.

"Nilisema mtazame gia!"

"Tumeitazama. Ile pale."

"Rudisheni! Fungeni! Sasa hivi!"

"Kufunga ni mwaka wa pili," walijibu wote kwa pamoja, kama katekisimu.

"Mama Notburga," alisema Cuthbert, sauti imepasuka, "waambie warudishe."

"Mwanangu, zamu yako imekwisha. Umetuita, tumekuja. Sasa tunakwenda kwa Joakim Mpepai, tukaifunge ile mashine ya baba yake. Wewe unakuja nasi."

"Lakini mmekula mbuzi wangu!"

"Mbuzi ni mboga, si malipo."

"Na gari langu?"

"Tumegawana, tukutunzie. Kila mtu kipande. Siku hizi soko huria, mwalimu, kuna wezi wanapima mpaka kwa kilo." Alimtazama usoni bila kupepesa. "Ukifika kwa mtu ukamaliza zamu yake, kipande chake unapewa. Usukani ninao mimi, na mimi nimechagua kuwa wa mwisho."

Cuthbert aliondoka kwa hasira moja kwa moja mpaka stendi. Kondakta wa basi la Songea alimzuia mlangoni. "Mwalimu, wewe si una zamu Mpepai?" Akajaribu gari la Mbamba Bay. Dereva akatoa kichwa dirishani: "Mwalimu! Nasikia umekula ngokela ya watu!" Hata mwuza karanga alimtikisia kichwa. Bartholomayo, aliyekuja Jumatatu na lori, alipokewa na darasa zima limebeba spana, likimwomba kwa heshima lilifungue lori lake kidogo tu, kwa mazoezi. Aligeuza bila kuzima injini.

Basi mwaka wa pili ukafundishwa, na mwalimu akausoma pamoja na wanafunzi, maana hakujua zaidi yao. Walirudisha chuma kwa foleni ile ile ya Notburga, cha mwisho kikitangulia. Mashine ya kwanza Mpepai ilitema kahawa mpaka juu ya paa, kuku wakahama. Cherehani moja ilishona ikirudi nyuma. Wakaifungua tena, wakaifunga tena. Cuthbert alilala chini ya mitambo ya watu, grisi machoni, akitukanwa na wenye nyumba kwa Kimatengo na kushangiliwa kwa Kiswahili, na kila alipomaliza alipewa mlango, au taa, au kiti. Siku boti ya Mbamba Bay ilipowaka na kukata maji, aligundua amerusha kofia na anaruka. Alijisikia vibaya siku nzima.

Zamu ya mwisho ikawa Litembo. Notburga mwenyewe alizungusha mkono wa injini. Ikakohoa, ikavuta pumzi, ikanguruma hadi ng'ambo ya bonde, na wanawake wakashuka mlimani na madebe ya mahindi, wanapiga vigelegele. Notburga alilia bila kujificha. Kisha akaingia ndani, akatoka na usukani.

"Nenda salama, fundi," alisema.

Cuthbert aliifunga Landrova peke yake, akaondoka akipiga honi. Kabla ya Songea akakuta basi limekufa barabarani, abiria wamekaa majanini, dereva kaingiza kichwa kwenye boneti.

"Kaka, wewe fundi?" dereva aliuliza.

Swali hilo Cuthbert alikuwa ameulizwa maisha yake yote, na alilijibu haraka bila jasho. Safari hii alitikisika. Aliisikiliza ile injini mara moja tu, akajua kinachoiuma, na kujua huko kukamtia aibu kama mtu aliyekutwa anaoga sokoni.

"Ndiyo," alisema polepole, macho chini. "Mimi ni fundi. Kweli."

Dereva alimtazama juu mpaka chini: ile sauti, yale macho, zile kalamu nne.

"Nenda zako, tapeli," alisema, akafunga boneti.