Koti la Gibson Liko Kazini

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Cheo kimetangazwa! Msimamizi wa mauzo ya milimani, Wundanyi hadi Mghange. Meneja wetu, Bwana Badawy, atataja jina Jumatatu ijayo. Katika kampuni hii yetu ya mbegu hapa Voi tunaofaa ni wawili: mimi na Pauline. Pauline! Mtu anayezima kompyuta saa kumi na moja, anaaga kila mtu kwa jina, anaenda mazoezi ya kwaya. Hana hata haya. Eti anauza kuliko mimi. Bahati tu.

Nimesoma kwenye simu kwamba anayepanda cheo ni yule anayeonekana kazini. Basi nitaonekana.

Jumatano, 9 Oktoba

Mbinu ya kwanza: koti. Jana nililiacha kwenye kiti, taa ikiwaka, nikaenda zangu nyumbani Kaloleni kula chapati. Leo Bwana Badawy ameniuliza kwa upole kama nyumbani kuna matatizo. Nimesema hakuna, ni mapenzi ya kazi. Ametikisa kichwa. Nadhani amevutiwa.

Nimechora pia kalenda ya maisha. Kazi nyekundu, familia kijani. Lois, mke wangu, ameitazama akauliza hicho kijani kiko wapi. Nimemwonyesha. Kipo, Jumapili, baada ya chakula! Tangu hapo hajaongea nami. Angalau nimepata muda wa kazi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mama amepiga simu kutoka Mghange. Kesho ni zamu ya shamba letu. Majirani wote wanakuja kulima, mvua haiko mbali. Misimu miwili sijafika. Nisipokuja safari hii, amesema, atawaambia watu nimehamia Ulaya, maana kusema niko Voi tu, hapa karibu, ni aibu.

Nikakumbuka enzi za Baba. Mstari mmoja, jembe kwa jembe, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Ukungu haujaondoka. Mtu anatupa utani huko mwisho, mstari mzima unacheka, na kumbe mteremko umeshaisha. Halafu kimanga, viazi na maharagwe yaliyopondwa pamoja, cha moto mpaka unapuliza vidole. Hakuna aliyekuwa na kalenda. Nimezitamani siku zile. Nimesema nitakuja.

Lakini cheo? Ofisi haifunguliwi Jumamosi, ila Bwana Badawy amesema anayetaka kumalizia ripoti yake anaweza kuja. Huo ni mtihani! Akili ni mali. Nimemwandikia ujumbe na kuutegesha uende wenyewe kesho asubuhi: niko ofisini, namalizia ripoti ya milimani.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimelima! Mgongo umekufa. Harufu ya udongo ni ileile. Wamenipa upande wenye visiki, ndiyo adhabu ya mtoro, na nilipong'oa cha kwanza nikapigiwa vigelegele. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa nimekisahau kicheko kile. Kwa muda sikutaka cheo chochote duniani.

Kisha gari la kampuni likapanda. Akashuka Pauline, nyuma yake Bwana Badawy. Kumbe Pauline, mzaliwa wa huku, anajua siku ya kulima ndiyo siku ya kuwapata wakulima wote mahali pamoja, kabla hawajanunua mbegu. Bwana Badawy aliponiona na matope hadi magotini alifurahi sana. Akanishika mkono mbele ya watu, akasema huyu ndiye aliyekuwa akimtafuta, mtu anayelima pamoja na wateja wake. Simu yake ikalia.

Akasoma. Akanitazama. "Bwana Gibson, simu yaniambia uko ofisini. Macho yaniambia uko hapa. Niamini lipi?"

Nikasema mtandao wa milimani una matatizo. Mama aliinamisha kichwa. Kimanga kilipoletwa nilirudi kwenye visiki.

Jumatatu, 14 Oktoba

Cheo ni cha Pauline. Bwana Badawy ameniita kando akaniambia kilikuwa changu mpaka ujumbe ule ulipoingia. Imeniuma sana.

Na amri ya kwanza ya Pauline? Jumamosi zote za msimu huu kazi yangu ni kulima na wakulima, nianzie kwa Mama. Amesema Mama ameulizia nitarudi lini. Nusura nilie. Ndicho hasa nilichokuwa nikikitamani!

Halafu nikafikiri. Jumamosi nzima bila wa kunisimamia! Kuna kozi ya uongozi mtandaoni, siku hiyohiyo. Pauline hatakaa pale milele. Nimeshapata kibarua kule Mghange, mtu mzima, kimo changu. Atasimama mahali pangu kwenye mstari. Macho ya Mama yamepungua siku hizi. Nimemwomba tu huyo kibarua aitike vizuri Mama akimwita "mwanangu".