Siku Mzee Alipokataa Kunywa Maji Peke Yake

Leo nimeaibika hapa Kitengela, mchana kweupe, tai ikiwa shingoni. Nawaambia mwenyewe kabla hamjasikia kwa Mama Wekesa.

Babangu alifika kwangu jana kutoka Illasit. Alifanyiwa upasuaji wa tezi dume, na tangu hapo amekuwa akitembea na mpira wa mkojo na mfuko wake, ameuficha chini ya shuka. Huyu ni mzee ambaye akimwita ng'ombe, maboma matatu yanageuka. Siku hizi hata kwa wazee wa rika lake haendi. Anasema mfuko unapiga kelele akikaa. (Haupigi. Nimesikiliza.)

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuutoa huo mpira na kupimwa kwa ile mashine ya picha, ionekane kama kibofu kinaweza kujimwaga chenyewe. Kikishindwa, mpira unarudi. Na mzee alikuwa ameshaniambia njiani, "Ikirudi, Lemayian, mimi sitoki boma tena." Hakuwa anatania. Niliogopa kuliko yeye.

Hospitalini sista akautoa mpira, akatupa maagizo. "Mzee akunywe maji polepole mpaka asikie kibofu imejaa. Tutapima. Halafu ataenda choo, arudi, tupime tena tuone imebaki ngapi. Lakini asiende choo kabla!"

Nikamletea chupa ya maji. Akaiangalia, akaniangalia mimi.

"Na yako iko wapi?"

"Mimi si mgonjwa, Papa."

"Nimeuliza yako iko wapi. Tangu niwe moran sijakunywa kitu peke yangu. Mtu anakunywa na mwenzake."

Nikamweleza kwamba mwiko huo wa moran ulikuwa wa maziwa, tena wa ujana, na hapa ni hospitali. Akaiweka chupa chini, akaegemea fimbo, akaangalia ukuta. Basi nikaenda kununua yangu.

Tukanywa. Yeye funda, mimi funda. Yeye chupa ya pili, mimi ya pili. Baada ya muda nikasimama niende msalani. Naye akasimama, akachukua kofia.

"Papa, unaenda wapi?"

"Tumekunywa pamoja. Tunaenda pamoja."

Nikakaa. (Hapo ndipo nilipokwisha.)

Sasa, kwenye benchi tulilokalia alikuwa Mama Wekesa, ambaye nimekuwa nikimbembeleza anunue ploti kwangu. Alikuja kuangaliwa mgongo. Akatazama mguu wangu.

"Kijana, mbona unatingisha mguu hivyo? Uko sawa?"

Nikatoa kile kicheko cha mauzo. "Sawa kabisa, mama! Sisi Wamaasai ni watu wa kuvumilia. Siku ya kutahiriwa ukipepesa jicho, familia yote inaaibika. Mimi sikupepesa!"

Mzee akaitikia kwa kichwa kwa fahari. "Hakupepesa," akasema.

"Hata kwetu Bungoma ni hivyo," akajibu Mama Wekesa. "Ndugu zangu walisimama wima kama mti."

Tukapongezana. Halafu stima ikapotea! Iliporudi, wakaingia akina mama wajawazito, na mzee kwa ukarimu wake akasema wapite mbele wote. Wote! Nje ya dirisha ikaja bowser ya maji kujaza tangi la hospitali. Shaaaa. Shaaaa. Mteja wangu ananiuliza bei ya robo eka, mimi nahesabu vigae vya sakafu. Mzee ametulia tuli.

Hatimaye tukaitwa. Daktari akampaka mafuta baridi tumboni, akapitisha kifaa, akaangalia picha. "Imejaa vizuri. Sasa nenda choo, mzee wangu. Usiharakishe."

Choo ni kimoja. Nani anaingia kwanza, mimi au babangu? Jibu mnalo. Nikabaki mlangoni nimeshika fimbo na kofia, miguu nimeipishanisha.

Kimya.

Kimya tena.

"Lemayian."

"Papa."

"Haitoki."

Jamani. Hiyo sauti sijawahi kuisikia kwa babangu. Ilikuwa ndogo. Nikasahau kibofu changu, nikasahau ploti, nikaweka paji la uso kwenye mlango. "Polepole, Papa. Usisukume. Niko hapa, siendi mahali."

Nikasali. Nikasikia tone moja. Likakatika. Nikasali kwa nguvu zaidi. Kisha ikaja! Ikaja, ikaja, ikaendelea kuja, na ndani mzee akaanza kucheka peke yake. Nilifurahi mpaka mwili mzima ukalegea.

Mwili mzima.

Na nilikuwa nimevaa khaki. (Khaki haijawahi kumficha mtu.)

Mlango ukafunguka. Mzee akatoka amenyooka, akaniangalia uso, akaniangalia suruali, akaangalia sakafu. Hakucheka. Akavua shuka lake jekundu, akanifunga kiunoni mwenyewe, akakaza fundo vizuri, kama alivyokuwa akinivalisha nikiwa mdogo.

"Tumekunywa pamoja," akasema.

Tukarudi kupimwa. Daktari akapitisha kifaa, akarudia, akatabasamu. "Imebaki kidogo sana, mzee. Kibofu kinafanya kazi. Mpira haurudi."

"Sidai oleng!" mzee akapaza sauti. Vizuri sana! Ilikuwa ile ya maboma matatu. Machozi yakanitoka, na sikuona haya, maana sehemu ya haya ilikuwa imeshajaa.

Mimi nilipanga tupite kimyakimya. Lakini Mama Wekesa ana macho. "Haiya! Mbona shuka imehama kwa mzee imekuja kwa kijana?"

Nikafungua mdomo niseme ni mambo ya utamaduni. Babangu, aliyekuwa na sauti yake mpya, akanitangulia.

"Yangu imetoka yote!" akatangazia benchi zima. "Na ya huyu pia!"

Mtoto wa mtu alianguka kwenye kiti kwa kucheka. Sista alishika ukuta. Mama Wekesa alicheka mpaka akashika ule mgongo aliokuja nao.

Sasa niko ofisini, tai juu, shuka chini, na sina mpango wa kulivua. Mzee yuko hapa mlangoni anawapigia simu wazee wa rika lake mmoja mmoja, anawaambia anakuja kukaa nao. Barabara nzima inamsikia. Nami namwacha apaze.

Mwenye kucheka acheke. Lakini kwanza aje anywe maji na babangu, funda kwa funda, tumwone.